Shajara ya mradi: kusimulia msimu wa Northwestern wa 2005

Januari, mwanzoni

Mradi ni huu: simulizi la sauti, kwa Kiswahili, la msimu mmoja wa timu ya chuo iliyotwaa ubingwa nchini Marekani wa lakrosi, mchezo wa kudaka, kubeba na kurusha mpira kwa fimbo yenye wavu. Wasikilizaji wetu ni walimu wa michezo wa sekondari, wachezaji wa netiboli wa zamani na wa sasa, na watu wanaopenda habari za michezo zikisimuliwa taratibu bila kupigiwa makelele. Msimuliaji ni mwalimu wa netiboli aliyestaafu. Namwita Mwalimu kwa kuwa mtaa mzima unamwita hivyo. Mimi natafuta habari, naandika, nakata sauti.

Misimu iliyoingia kwenye mchujo ni mitatu. Wa kwanza ni wa wanaume wa Maryland, 2022: mechi 18, ushindi 18, na fainali ya East Hartford ambayo waliifunga Cornell 9-7, mwaka mmoja tu baada ya kupoteza fainali nyingine kwa Virginia 17-16. Wa pili ni wa wanaume wa Notre Dame, 2023, walioifunga Duke 13-9 mjini Philadelphia, Duke hao hao waliowanyima kombe kwenye fainali za 2010 na 2014. Wa tatu ni wa wanawake wa Northwestern, 2005: mechi 21, ushindi 21.

Mwalimu alitaka Notre Dame. "Watu wanapenda kisasi, mdogo wangu," aliniambia, "hasa kisasi kilichokaa." Hoja ina uzito, na ukitaka simulizi rahisi kuandika basi ndiyo hiyo, imejipanga yenyewe. Hata hivyo nimeing'ang'ania Northwestern. Miaka minne kabla ya kombe lile timu yenyewe haikuwepo. Nataka kujua kitu kinajengwaje kutoka sifuri hadi kufika pale kwa muda mfupi namna ile, na nataka msikilizaji akimaliza awe amekijua pia.

Mwalimu amekubali kwa sharti: nisimpe kusoma matokeo ya mechi moja moja kama anatangaza vifo redioni.

Januari, mwishoni

Sehemu ya kwanza imeandikwa. Inaanzia 1982, mwaka ambao NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kilianza kutoa ubingwa wa lakrosi ya wanawake. Nimepanga majina ya mabingwa wote hadi 2004 ili Mwalimu ayasome kwa mkupuo mmoja: Massachusetts, Delaware, Temple, New Hampshire, Maryland, Penn State, Harvard, Virginia, Princeton. Miaka 23, vyuo tisa. Maryland peke yake ilichukua kombe mfululizo tangu 1995 hadi 2001, mara saba bila kuachia. Ukiviweka vyuo hivyo kwenye ramani, vyote vinaangukia upande wa mashariki, ndani ya saa za mashariki. Northwestern iko Evanston, kaskazini mwa Chicago, kando ya Ziwa Michigan, ambako saa iko nyuma kwa saa moja. Kabla ya 2005 hakuna chuo cha nje ya ukanda ule kilichokuwa kimegusa kombe hilo.

Kipande ninachokipenda zaidi katika sehemu hii ni cha makocha wawili. Northwestern iliwahi kuwa na timu. Kuanzia 1982 kocha wake alikuwa Cindy Timchal. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Timchal akahamia Maryland, na muda si mrefu, baada ya msimu wa 1992, Northwestern ikaifuta timu. Huko Maryland, Timchal akamlea mchezaji kutoka Massachusetts aliyeitwa Kelly Amonte, akatwaa naye ubingwa wa taifa 1995 na 1996. Kisha mwaka 2000, Northwestern walipoamua kuifufua timu yao, wakamwajiri nani? Kelly Amonte Hiller, mwanafunzi wa kocha waliyemwacha aondoke. Sijaongeza chumvi hata chembe. Mambo yalienda hivyo hivyo. Nimemwomba Mwalimu asome aya hiyo bila kubadilisha sauti, msikilizaji aunganishe mwenyewe.

Kaka yake Kelly, Tony Amonte, wakati huo alikuwa nyota wa hoki ya barafu katika Chicago Blackhawks. Kwa watu wengi wa Chicago mwaka 2000, ukitaja Amonte unamtaja kaka. Nimeiacha sentensi hiyo moja ndani, inachekesha ukijua kilichofuata.

Mwalimu aliposoma rasimu akaniuliza swali ambalo nilipaswa kulitarajia kutoka kwa mtu aliyewahi kuomba jezi kwa mkuu wa shule: nani analipa? Kwa hiyo nimeongeza dakika mbili za fedha. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria iitwayo Title IX, inayokataza taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu kubagua kwa jinsia. Michezo ikaingia humo. Chuo chenye timu kubwa ya futiboli ya Kimarekani, ambayo miaka ile iliruhusiwa ufadhili wa masomo 85 kwa wanaume, kinalazimika kuwa na nafasi za kutosha kwa wanawake pia, na lakrosi ni mojawapo ya michezo iliyonufaika. Ila kwa lakrosi ya wanawake kikomo cha NCAA kilikuwa ufadhili 12, ambao kocha aliweza kuukatakata na kuugawa kwa kikosi cha watu karibu 30. Kocha wa timu mpya hana jina la kuvutia watu, na fungu lake ni dogo. Anashindana na Princeton, Virginia na Maryland kugombea wasichana wale wale walioshika fimbo tangu utotoni. Hapo ndipo simulizi letu linapoanza kweli.

Februari

Nimefika kwa mapacha.

Habari hii inajulikana sana katika duru za lakrosi: Amonte Hiller aliwaona mapacha, Ashley na Courtney Koester, wakikimbia mazoezi pale chuoni. Walikuwa wanamichezo, ila lakrosi hawakuwahi kuicheza. Akawaalika kwenye timu. Mwaka 2005 walikuwa wa mwaka wa mwisho, wachezaji wa kikosi cha kwanza cha timu isiyofungwa.

Ni tamu mno, na hapo ndipo ninapoiogopa. Ukiiachia, inameza simulizi zima. Msikilizaji ataondoka akiamini kwamba kocha aliokota wapita njia akawageuza mabingwa, na hilo si kweli. Katika kikosi kile kile kulikuwa na Kristen Kjellman, wa mwaka wa pili, kutoka Massachusetts kwenye mizizi ya mchezo, ambaye baadaye alitwaa tuzo ya Tewaaraton, ya mchezaji bora wa vyuo, mara mbili mfululizo, 2006 na 2007. Kulikuwa na Lindsey Munday, ambaye leo ni kocha wa Chuo Kikuu cha Southern California. Hao walikuwa wachezaji hasa, wenye mikono iliyofundwa mapema.

Ninavyolisoma jambo hili: Amonte Hiller alihitaji aina mbili za watu na akazichanganya. Wenye ujuzi wa fimbo aliwapata wachache, maana wengi walienda mashariki. Waliobaki akawatafuta kwa kipimo kingine, mbio, ukaidi, na utayari wa kufundishwa upya, akijua ujuzi wa fimbo unafundishika ndani ya miaka mitatu minne ikiwa mwili na moyo vipo. Mchezaji asiye na mazoea hana mazoea mabaya ya kuvunjwa. Mwalimu aliitikia sana kwa kichwa hapa. Ameniambia wachezaji wake bora wa mstari wa nyuma aliwapata kwenye mbio za mita 800, si kwenye uwanja wa netiboli. Nimemrekodi akisema hivyo. Inaingia kama ilivyo.

Uamuzi: mapacha wanapata dakika tatu, kisha sauti inahamia kwa Kjellman moja kwa moja, bila muziki katikati. Wakitenganishwa kwa muziki, msikilizaji atawaweka kwenye hadithi mbili.

Machi

Mwezi huu wote umeenda kwenye kueleza mchezo kwa mtu ambaye hajawahi kuuona, wala hana picha kichwani. Video ingemaliza kazi kwa sekunde kumi. Sisi tuna sauti tu.

Kwanza niliandika historia ndefu: mchezo wa mataifa asilia ya Amerika Kaskazini, hasa Wahaudenosaunee, ambao kwao ni zawadi ya Muumba na dawa ya jamii, kisha shule ya wasichana ya St Leonards kule Uskoti, 1890, ambako mchezo wa wanawake ulichukua njia yake, kisha Rosabelle Sinclair kuupeleka Bryn Mawr School, Baltimore, 1926. Mwalimu akasikiliza, akasema ni nzuri, na msikilizaji bado hajui mpira unashikwaje. Historia imepunguzwa ikawa aya moja. Inabaki kwa sababu inaeleza kwa nini Baltimore na viunga vyake vilikuwa mbele ya Chicago kwa miaka 70 na zaidi.

Sasa tunaanza na mkono. Fimbo yenye urefu wa takriban mita moja, kichwani ina wavu. Kwenye mchezo wa wanaume wavu umelegea na mpira unatulia ndani. Kwa wanawake wavu umekazwa; mpira, ambao ni wa raba ngumu, unatakiwa uonekane juu ya ukingo. Ukikimbia na fimbo imetulia, mpira unadondoka. Kwa hiyo mchezaji anaipembeza fimbo muda wote, kushoto kulia, huku anakimbia kwa kasi yote na mtu anamwandama ubavuni. Tumejaribu kurekodi sauti ya kupembeza kwa mpira wa tenisi na kichujio cha chai. Kwa mshangao wangu, inafanana.

Wachezaji ni 12 kila upande pamoja na kipa. Mwaka 2005 mechi ilikuwa vipindi viwili vya dakika 30. Kumgonga mtu kwa mwili hairuhusiwi. Kofia ngumu huvaa kipa tu. Wengine huvaa kinga ya meno, na miwani ya waya ya kukinga macho, ambayo ilianza kuwa lazima mwaka ule ule wa 2005. Kumbuka hilo: picha za msimu huu ni miongoni mwa za kwanza ambazo nyuso zote ziko nyuma ya waya.

Netiboli imetusaidia kuliko nilivyodhani. Mwalimu alishika mara moja kanuni ya sekunde tatu. Kwenye netiboli ukiwa na mpira huruhusiwi kukaa nao zaidi ya hapo; kwenye lakrosi ya wanawake sekunde tatu zinamhusu beki. Mbele ya goli kuna tao linaloitwa la mita nane, na beki haruhusiwi kusimama ndani yake zaidi ya sekunde tatu kama hamkabi mtu aliye karibu naye kwa urefu wa fimbo. Wala haruhusiwi kujiweka kwenye njia ya mpira kati ya mpigaji na goli, maana mpira ule ukimpata usoni ni hatari. Ukivunja kanuni ndani ya tao, refa anapiga filimbi, tao linasafishwa, na mshambuliaji anasimama kwenye mstari wa mita nane akimtazama kipa. Filimbi ya pili, anaondoka. Mwalimu anaisimulia sehemu hii kwa raha inayosikika.

Halafu kuna uanzishaji. Kila baada ya bao, wachezaji wawili wanasimama katikati, migongo ya fimbo zao imegusana na mpira umebanwa katikati yake. Filimbi ikilia wanavuta juu, mpira unaruka juu ya vichwa, na walio pembeni wanaukimbilia. Yaani aliyefungwa hapewi mpira kama kwenye soka. Aliyefunga anaweza kuupata tena, akafunga tena, akaupata tena. Na wakati ule hapakuwa na saa ya kushambulia. Saa ya sekunde 90 ilikuja kwenye mchezo wa vyuo vya wanawake mwaka 2017. Timu inayoongoza iliweza kukaa na mpira, ikauzungusha, ikawangoja wapinzani watoke kuufuata.

Nimetumia dakika nyingi hapa kwa makusudi. Msikilizaji akielewa mambo haya mawili, uanzishaji na kukosekana kwa saa, ataelewa kwa nini kocha alikuwa anatafuta wakimbiaji. Mpira unaorushwa hewani ni wa anayeufikia kwanza. Timu iliyo nyuma inalazimika kutoka kubana uwanja mzima, na anayebana uwanja mzima bila mapafu anaumia dakika ya 50. Northwestern walikuwa wanabana tangu juu wakiwa mbele na wakiwa nyuma. Hapo ndipo mbio walizochaguliwa kwazo zinapogeuka kuwa mabao.

Machi, mwishoni

Tumefika kwenye tatizo ambalo nililijua tangu Januari nikajifanya silioni: timu inayoshinda kila mechi haina hadithi katikati. Hakuna kuanguka wala wiki ya giza. Februari wanashinda, Machi wanashinda, Aprili wanashinda.

Mfano wa karibu kwa wasikilizaji wetu ni Arsenal wa 2003/04, au Azam FC waliotwaa Ligi Kuu ya Tanzania 2013/14 bila kufungwa hata mechi moja. Lakini hizo zilikuwa na sare, na sare ni mahali pa kupumzikia hofu. Lakrosi haina sare. Muda ukiisha mko sawa mnaendelea hadi apatikane mshindi. Ishirini na moja kwa sifuri maana yake kila mara mtu mwingine ndiye aliyelala amefungwa.

Nilijaribu mpangilio wa kupanda ngazi, kila mechi ngumu kuliko iliyopita, kana kwamba ratiba iliandikwa na mtunzi wa riwaya. Nimeutupa. Ni uongo wa mpangilio hata kama kila tarehe ni ya kweli. Nimekataa pia kubuni maneno ya vyumba vya kubadilishia nguo. Rafiki mmoja anayetengeneza tamthilia za redio alinishauri niweke kocha akipaza sauti wakati wa mapumziko, "kila mtu hufanya hivyo." Wafanye.

Njia tuliyoichukua: msimu mzima wa kawaida, Februari hadi mwanzoni mwa Mei, unapita kwa dakika sita tu, na badala ya kuuliza kama watashinda, tunauliza mashariki wataamini lini. Huko ndiko kulikokuwa na shaka. Timu ya Magharibi ya Kati inayoshinda inaweza kuambiwa haijakutana na wakubwa. Hofu ya msimu ule, ninavyoiona, ilikuwa ya namna hiyo: kila ushindi ulipandisha bei ya kufungwa kutakakokuja, kwa sababu kipigo kimoja kingetosha kuthibitisha waliyoyasema wenye mchezo wao.

Kuna ushahidi mdogo ninaoupenda. Tuzo ya Tewaaraton ya 2005, ambayo ilianza kutolewa 2001, haikwenda Northwestern. Ilikwenda kwa Katie Chrest wa Duke. Timu isiyofungwa, na mchezaji bora wa mwaka yuko kwingine. Mtu anaweza kusema walidhulumiwa. Mimi naona inaeleza timu ilivyokuwa. Mzigo uligawanywa.

Aprili

Sehemu ya fainali. Hii ilijiandika haraka, nikaiandika tena polepole.

Jumapili, 22 Mei 2005, Annapolis, katika uwanja wa Navy–Marine Corps Memorial. Mpinzani ni Virginia ya kocha Julie Myers, mabingwa watetezi, wenye makombe ya 1991, 1993 na 2004. Mahali penyewe pana maana yake. Annapolis ni makao makuu ya jimbo la Maryland, na mwaka mmoja tu kabla, 2004, jimbo hilo lilikuwa limeitangaza lakrosi kuwa mchezo wake rasmi wa timu. Kwa hiyo wageni kutoka ziwani wanakwenda kucheza fainali yao ya kwanza kwenye sebule ya wenye mchezo, dhidi ya wenye kombe. Na kocha wao ni binti aliyejifunzia ubingwa katika chuo cha jimbo hilo hilo.

Northwestern 13, Virginia 10.

Mwalimu alitaka tusimulie bao kwa bao. Nimekataa, tukavutana jioni nzima, chai ikapoa. Hoja yake: msikilizaji amevumilia kanuni, fedha na historia, sasa anadai mechi yake. Hoja yangu: matokeo ya mabao 23 yakisomwa mfululizo hayaingii kichwani mwa mtu asiyeona uwanja, na tofauti ya mabao matatu kwenye lakrosi ni kitu cha kuelezwa. Siyo 3-0 ya soka. Timu inaweza kufunga matatu ndani ya dakika mbili ikishinda uanzishaji mara tatu, na ndiyo maana hakuna aliyepumua hadi mwisho. Tumekutana katikati: anasimulia namna ya mchezo ule, uanzishaji, kubana, kukaa na mpira, kisha anataja matokeo mara moja tu, ananyamaza sekunde mbili, anaendelea.

Baada ya hapo nimeweka mambo matatu kwa kifupi: taji la kwanza la NCAA kwa Northwestern tangu lile la vitara la 1941, bingwa wa kwanza wa mchezo huu kutoka nje ya saa za mashariki, na msimu wa nne tu tangu timu ifufuliwe. Mwalimu anayasoma kwa mpangilio huo. La tatu ndilo la kukaa nalo.

Kazi iliyobaki katika sehemu hii: kelele za uwanja. Tulizo nazo ni za mechi ya soka, na kuna vuvuzela ndani. Haiwezekani.

Aprili, mwishoni

Ndala.

Julai 12, 2005, mabingwa wa vyuo walialikwa Ikulu ya Marekani kupiga picha na Rais George W. Bush. Wachezaji wa Northwestern wakasimama, mstari wa mbele, baadhi wakiwa wamevaa nguo nzuri na miguuni ndala. Picha ikatoka. Magazeti na televisheni vikapata habari ya wiki: wasichana wameingia Ikulu na ndala. Mjadala wa adabu, wa kizazi, wa nini ni kiatu na nini si kiatu. Timu iliyokuwa imeshinda mechi 21 bila kupoteza ilizungumziwa zaidi kwa vidole vyao vya miguu kuliko ilivyozungumziwa kwa kombe.

Sikutaka kuiweka. Mwalimu alicheka hadi machozi na akasema kama haimo yeye hasomi. "Wewe hujawahi kupeleka wasichana kwa mkuu wa mkoa," akaniambia. "Mimi nimewahi. Nilikagua viatu mmoja mmoja."

Basi imo, kwa masharti yangu. Kwanza, mwisho wake unasimuliwa: wachezaji waliziuza ndala zile kwa mnada kwenye mtandao wa eBay, na fedha zikaenda kwa mtoto aliyekuwa akiugua uvimbe wa ubongo, ambaye timu ilikuwa imemfanya rafiki. Pili, haifungi simulizi. Kichekesho kikiwekwa mwisho kinageuka kuwa ndicho kilichotokea.

Mwalimu ana maoni yake kuhusu ndala Ikulu, na ni makali. Tumeyarekodi. Nadhani wasikilizaji watamuunga mkono karibu wote, na mimi nitabaki peke yangu upande wa wasichana.

Mei

Tunafunga wapi? Nilikuwa na njia mbili.

Ya kwanza ni kuendelea na ushindi. Mwaka 2006 waliifunga Dartmouth 7-5. 2007 Virginia tena, 15-13. 2008 Penn, 10-6. 2009 North Carolina, 21-7, msimu mwingine bila kufungwa, mechi 23. Makombe matano mfululizo. Wakati huo hawahitaji tena kutafuta wakimbiaji njiani: Hannah Nielsen, aliyetwaa Tewaaraton 2008 na 2009, alitoka Australia kuja kuwachezea. Kutoka kuokota hadi kuchagua, ndani ya miaka mitatu minne.

Ya pili ni 2010: fainali ya sita mfululizo, na Maryland wakawafunga 13-11. Maryland ya vijana wengine, kocha mwingine. Mnyororo ukakatikia kwa chuo kile kile alichotoka Amonte Hiller.

Nimechagua ya pili, na Mwalimu ameridhika bila ubishi kwa mara ya kwanza tangu Januari, maana hatimaye amepata kisasi chake, hata kama ni cha upande wa pili. Makombe ya 2011, 2012 na la nane la 2023, lililokuja chini ya kocha yule yule, yanatajwa kwa sentensi moja. Msikilizaji ajue tu kwamba hawakufa.

Mmoja wa waliosikiliza rasimu, kijana wa Kampala, aliuliza kwa nini hatusemi lolote kuhusu kwao. Ana haki. Uganda ndiyo nchi ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya lakrosi ya wanaume, Denver, 2014, na mchezo unaingia Olimpiki ya Los Angeles 2028 kwa mtindo wa wachezaji sita kila upande. Lakini kuibandika Uganda mwishoni mwa habari ya wasichana wa Evanston ni kuipa dakika moja ya heshima ya uongo. Inastahili simulizi lake, na nimeshamwomba kijana huyo atutafutie watu waliokuwepo.

Hali ya leo: sehemu zote zimerekodiwa isipokuwa Annapolis, ambayo Mwalimu anataka kuirudia asubuhi sauti ikiwa safi. Kelele za uwanja tumepata za mashindano ya netiboli ya shule, wasichana tupu wakishangilia, hakuna vuvuzela. Dakika za fedha nimezipunguza kwa nusu. Ndala zina dakika nne, na Mwalimu bado anadai tano.